Loki za Mbele

Fundi Spana alikuwa na miaka ishirini na sita chini ya magari, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika karakana nzima. Mwaka ule mikono ilianza kumtetemeka. Kidogo tu, lakini karakana ina macho. Mwezi uliopita aliacha boliti moja bila kuikaza, na msimamizi akamwambia mbele ya watu, "Mzee, gari jingine likirudi kwa kosa lako, utahamia stoo ukagawe spana."

Stoo! Heri amwage unga kabisa kuliko kukaa dirishani akiwapa spana watu aliowafundisha kuzishika.

Gari lililofuata lilikuwa la zahanati, la magurudumu manne, kuukuu lakini bado lina nguvu. Alizifungua loki za magurudumu ya mbele, akaziosha, akazipaka grisi mpya. Kisha akaitengeneza loki ya difu ya nyuma, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja. Alirudia kukagua kila boliti hadi wenzake wakamcheka.

Siku ya kulijaribu alikwenda na dereva wa zahanati, ambaye ni mdogo wa mke wake. Shemeji huyu alikuwa amezoea magari madogo ya ofisini, na hili alikabidhiwa wiki hiyo hiyo.

"Shemeji, tunaingia kwenye tope," fundi alisema akiwa ameshakaa, ameinama anafunga kisanduku cha vifaa miguuni. "Zunguka hapo, funga loki za mbele. Zote mbili!"

Shemeji alizunguka. Akamfungia mlango vizuri, naye fundi akafurahi moyoni kwa heshima aliyopewa. Kisha akapanda upande wake. "Nimefunga zote mbili, Shem."

Walishuka kwenye njia ya machimbo. Hatua hamsini hivi ndani ya tope, gari likakwama. Fundi akavuta gia ya magurudumu manne, shemeji akakanyaga mafuta. Nyuma gurudumu moja likazunguka likirusha tope, mbele, kimya. Fundi alichungulia dirishani. Gurudumu la mbele lilikuwa limetulia tuli, halina habari na mtu.

Loki zimekataa. Basi ni kweli mikono imekwisha, na kesho ni stoo.

"Ngoja nishuke," alisema kwa sauti ndogo, akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, akausukuma kwa bega. "Huu nao una nini?"

"Si umefungwa," shemeji akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia nifunge loki za mbele. Wako na wangu."

Fundi alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Shemeji, utaniua wewe! Nilisema loki za magurudumu!"

"Na magurudumu nayo yana loki? Nani atayaiba yakiwa yanatembea?"

Shemeji akazunguka kumfungulia kwa ufunguo, maana kitufe cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimevunjika zamani. Fundi alishuka tope likamfika magotini, akamwonyesha kile kidude cha duara katikati ya gurudumu. "Barabara kavu unakiacha wazi, gurudumu linajizungukia lenyewe. Ukikizungusha hivi, linashikana na mtambo. Ukifunga upande mmoja ukasahau wa pili, umefanya kazi bure." Akakizungusha. Kikaingia, *ka*. Akaenda upande wa pili. *Ka*. Sauti hiyo alikuwa akiijua kabla hajaoa.

Akapanda tena, na shemeji kwa mazoea akamfungia mlango. Safari hii mbele kukavuta, ila nyuma gurudumu lile moja likaendelea kuteleza na mwenzake amelala.

"Difu inampa nguvu huyo anayeteleza," fundi alisema, sasa anajiachia. "Tunawafunga pamoja." Akavuta kirungu kidogo karibu na gia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa pamoja, gari likajikokota, likatoka.

Walipofika pakavu aliifungua loki ya difu mara moja, maana kwenye kona ingelishindana na magurudumu. Halafu akashusha pumzi ndefu, akaitazama mikono yake. Bado ilitetemeka. Haidhuru.

Msimamizi aliwapokea langoni. "Haya, Mzee, loki zinashika?"

"Zinashika zote," alijibu Fundi Spana akihangaika na kitasa. "Hata ya mlango. Shemeji, hebu nifungulie."