Kimbia Kama Ulivyoandika

Juzi asubuhi binti yake mzee wangu alinipigia simu kutoka Mabela. "Kaka, baba katutoka." Wasomaji wangu mnanijua, mie si mwepesi wa machozi, lakini safari hii yalinishinda. Mzee huyu, mmoja wetu tuliotoka Unguja tukahamia huku kwa Waarabu, alisoma ujana wake kwa Wacheki, akarudi na daftari la ajabu. Lilikuwa la maneno ya miendo tu: Kiingereza, Kicheki, kisha Kiswahili chake. Limp, kulhat, kuchechemea. Stagger, potácet se, kupepesuka. Wala hakuandika neno mpaka kwanza asimame aufanye mwendo wenyewe, sebuleni, mbele ya wageni, mkewe akipiga kelele, "Jamani mume wangu, utavunjika kiuno!"

Nna kisa chake kimoja hakinitoki. Kabla ya safu hii nilikuwa karani katika kiwanda kimoja huko Rusayl. Bomba la mvuke likapasuka, mtu akaungua, na msichana wa Kiganda aliyekuwa akifagia pale akashutumiwa kwamba kamwacha mwenzake akakimbia. Shahidi pekee alikuwa fundi wa Kicheki, ambaye kwa Kiingereza mwendo wote wa binaadamu aliujua kwa neno moja: go. "She go, she go," huku akionyesha mlango. Mie nikaandika: alikimbia. Tiketi ya kumrudisha kwao ikakatwa. Msichana analia, "Boss, mimi nilienda kuzima mashine, haki ya Mungu!" Meneja akasema kila mtu atasema hivyo. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama saa. Ilibaki sahihi ya fundi tu, ndipo nikamwita mzee aje ofisini kwa meneja, tulipokuwa sote, amsomee fundi ripoti kwa Kicheki.

Akaisoma, akavua miwani. "Mwanangu, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi inuka. Kimbia kama ulivyoandika."

Meneja kakunja uso, gari la uwanja wa ndege linangoja nje. Nikashika kanzu yangu, nikakimbia mpaka mlangoni, haya zimenijaa. Mzee akamsemesha fundi Kicheki. Fundi akatikisa kichwa, akalala kifudifudi juu ya zulia la meneja, akajikokota kwa viwiko mpaka ukutani karibu na mlango, akanyoosha mkono juu, akabonyeza. Kule kiwandani, kitufe cha kuzimia mitambo kipo pale pale, ubavuni mwa mlango. "Plazit se," mzee akasema. "Alitambaa." Msichana akapandisha mikono ya sare yake, viwiko vimechunika, vibichi. Asubuhi nzima nilimhoji, wala sikumwambia anionyeshe kitu. Tiketi ikafutwa, naye akabaki kazini.

Wallahi nawasema sana waandishi wa siku hizi, na mie nimo. Tunaandika miendo ya watu tumekaa vitini. Katoroka, kajificha, kakimbia: nani kaona? Hata jana nilianza safu hii kwa "alituaga kwa amani," kwa sababu ndivyo tuandikavyo sote. Nikaona haya. Nikampigia tena binti yake, nikamuuliza baba alikwendaje.

"Alishuka kitandani mwenyewe, kaka. Anachechemea, mkono ukutani, anataka dirisha. Hakufika."

Nikainuka, nikaweka mkono ukutani, nikachechemea mpaka dirishani. Kisha nikakaa, nikafuta ile amani, nikaandika alivyoniambia.