Kadi ya Rubani

Kitu cha kwanza nilichokitoa kwenye mchezo ule kilikuwa mikarafuu. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Unguja na anabuni michezo ya vita ya mezani, aliniletea ramani ya Pemba ya zama za Wareno. Kaichora vizuri hasa, kila ghuba mahali pake, na katikati ya kisiwa kapaka kijani na kuandika: mashamba ya karafuu. Nilimpigia simu papo hapo. Nikamwambia, bwana wee, umewapa Wapemba zao lililokuja karibu miaka mia tatu baadaye. Toa karafuu, tia mpunga, maana Mombasa ilikuwa ikila mchele wetu. Akacheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena na kusema, "Mwalimu, wewe ndiye niliyekuwa nikikutafuta."

Toka siku ile nikawa mkaguzi wake. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Chake Chake, nakaa mtaa wa Madungu na baba yangu, na nasema bila ya haya kwamba kazi hii naiweza. Kila mchezo una visa vyake. Kisa ni vita vimoja: ramani yake, majeshi yake, siku yake, na sharti la ushindi la kila upande. Mbunifu hukitunga, mimi hukivunja. Nakicheza pande zote mbili, namwita mwalimu mwenzangu wa jiografia tukicheze tena, tunabadilishana pande, halafu naandika ripoti. Ripoti zangu ni fupi na hazimbembelezi mtu.

Nauliza maswali mawili tu. Je, kila mchezaji ana nafasi ya kushinda? Na nafasi hiyo imetoka pale ilipotoka kweli, au mbunifu kaizua kwa huruma? Watu wengi hudhani mizani maana yake ni majeshi kulingana. Upuuzi. Ukiwapa wakulima wa mpunga mizinga sawa na ya merikebu za Wareno, umepata mizani na umepoteza historia. Mnyonge mpe lengo lake. Usimwambie azamishe merikebu. Mwambie awatoe watu kijijini na akiba yao kabla moto haujafika. Hapo atapigana kama walivyopigana wazee wetu, na anaweza kukushinda.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote nilikileta mwenyewe, maana kilikuwa cha kwetu.

Kwetu ni kisiwa kidogo karibu na Mkoani, unavuka kwa mashua. Hadithi yetu kila mtoto anaijua. Wareno walikuja Idi pili, siku ya pili baada ya Ramadhani kwisha, wakati wa alasiri, watu wakiwa bado wanasherehekea. Walikuwa wamemkamata babu yetu wa zamani, mvuvi, wakamshurutisha awe rubani, awaonyeshe njia ya kuingia horini, ule mkono wa bahari unaokwenda mpaka kwenye kijiji kikubwa cha ng'ambo. Babu akawapeleka moja kwa moja juu ya mwamba. Merikebu ikakwama, watu wakapata muda wa kukimbia. Baba yangu alinihadithia hivyo nikiwa nimekaa chini ya cherehani yake, nikiokota vipande vya nyuzi, na mimi nilikuwa nikijiona mjukuu wa shujaa.

Watu wa kijiji cha ng'ambo wana yao. Wao wanasema nyumba zao zilichomwa siku ile, na merikebu isingefika bila ya mtu wa kwetu. Tunaoana nao, tunazikana, lakini wakitaka kututania hutuuliza, "Rubani wenu hajambo?" Baba alikuwa akicheka nao. Mimi sikuwahi kucheka.

Basi rafiki yangu akatengeneza Kadi ya Rubani. Mchezaji wa Wapemba akiitoa, merikebu ya kwanza inakwama mwambani kwa zamu tatu. Bila ya kadi ile, Wareno walishinda kila tulipocheza. Kwa kadi ile, ushindi ulikwenda huku na huku, na mpaka zamu ya mwisho hujui nani atachukua. Kadi moja ndiyo iliyoshika kisa kizima. Niliandika kwenye ripoti: mizani safi, historia safi. Sikumbuki kuandika ripoti nyingine kwa raha kama ile.

Tukapanga siku ya kuuzindua mchezo, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja wa mjini. Baba ndiye angesimama kuhadithia kisa kabla ya watu kukaa mezani. Akanunua kitambaa na kuanza kujishonea kanzu mpya.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikaa na mwalimu wa jiografia tukicheze mara ya mwisho. Yeye ni mwanamke wa Makangale, mpole, na hakubali kitu bila ya kupima. Rafiki yangu alikuwa ameongeza kipande kipya pembeni mwa ramani: ngazi ya maji, yenye alama ya kuonyesha kila zamu kama maji yamejaa au yametoka. Mwenzangu akaishika ile alama, akaniuliza aanzie wapi; maji yetu huhesabiwa kwa siku tangu mwezi uandame.

"Wamekuja mwezi ngapi?"

"Idi pili. Mwezi pili."

"Bamvua hiyo. Saa ngapi?"

"Alasiri."

Akaipandisha alama mpaka juu kabisa ya ngazi, akaiacha hapo. Kisha akautazama ule mwamba kwenye ramani, akanitazama mimi.

"Sasa mwenzangu," alisema taratibu, "merikebu ikwame wapi? Mwamba wako uko chini huko, maji kama yote juu yake."

Hapa kwetu hakuna mtu mzima asiyejua hili. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji hujaa sana na hutoka sana, na kujaa kwake ni alasiri na alfajiri. Mwenyewe nilipokuwa mdogo, Idi pili alasiri tulikuwa tukijitupa baharini kutoka kwenye ngazi za gati na nguo zetu mpya, tukapigwa, na mwaka wa pili tukajitupa tena. Mwamba ule maji yakijaa bamvua mashua hupita juu yake na pondo, ule mti wa kusukumia, haligusi chini. Nimepita mwenyewe. Maisha yangu yote nimeijua bahari ile na nimeijua hadithi ile, na sikuwahi hata siku moja kuyaweka mawili hayo mahali pamoja.

Nilikasirika. Sikumkasirikia babu wala baba, nilimkasirikia mwenzangu asiye na kosa. Nikamwambia hadithi ni hadithi, haipimwi kwa rula. Nikakusanya kadi na vipande vyote nikavitia kwenye boksi, na siku mbili nilimpita kwenye korido ya shule kwa salamu ya juu juu. Mimi, ninayewaumbua wabunifu kwa shamba moja la karafuu!

Siku ya tatu nilimweleza rafiki yangu wa Unguja. Akanitumia ujumbe wa sauti, naye hakuwa na wasiwasi wowote. "Mwalimu, badilisha siku tu. Weka mwezi nane, watu wamemaliza kufunga zile sita za baada ya Idi. Nani atapekua?"

Na kweli, mwezi nane ni maji mafu, yasiyojaa sana, na maji mafu alasiri ndipo yanapokuwa yametoka. Mwamba uko karibu na uso wa maji, merikebu inakwama, kadi inafanya kazi yake, babu anabaki shujaa. Neno moja tu la kubadilisha. Nililiandika. Nikakaa nikilitazama kwenye kompyuta, linapendeza, limeingia kama kifungo kwenye tundu lake. Kisha nikaona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu kama mbunifu yeyote angenifanyia vile ningemrudishia kazi yake na maneno makali juu.

Asubuhi yake, baada ya chai, nilikwenda chumbani kwa baba. Alikuwa kwenye cherehani, akipinda ukosi wa ile kanzu. Nikaitandaza ramani juu ya meza yake ya kukatia.

"Baba, Idi pili alasiri maji yamejaa."

"Naam."

"Bamvua."

"Naam." Hakuacha kukanyaga.

"Merikebu haikukwama."

Akakanyaga mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniangalia. "Haikukwama."

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu alipokuwa kijana, alipoanza kwenda kuvua pweza kwenye mwamba ule ule. Alimwuliza baba yake, na baba yake akamwambia yaliyobaki, kama na yeye alivyoambiwa siku alipouliza. Sasa akaniambia mimi. Wareno hawakumkamata babu peke yake. Walimkamata na watoto wake, wakawaweka ndani ya merikebu, mbele, pale anapowaona.

"Angeliweza kuwazungusha nje mpaka maji yatoke," baba alisema. "Njia alikuwa akizijua. Hakuwazungusha. Kawaingiza moja kwa moja, kwa maji makubwa, wanawe wasiguswe. Na wale wa ng'ambo wakachomewa nyumba zao."

Nikalia, na sikujua hasa ninamlilia nani. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hawakuibadilisha siku basi, kama walitaka kusema uongo. Nami jana nilikuwa nimeibadilisha kwa neno moja!

"Tungelibadilisha," baba akasema, "weye leo ungeliuliza nini?"

Aliendelea kueleza kuwa kaka zangu wawili hawakuwahi kuuliza. Hadithi ya mwamba ni ya watoto, ili wasidhalilike wakitaniwa. Siku imeachwa ndani yake kwa ajili ya mtu mzima atakayeitazama bahari akaona haiendi na maneno. Nikamwambia, Baba, kwenye ripoti yangu siwezi kuacha kadi ile. Nikamwambia pia kwamba akitaka, tunakiondoa kisa chote, tunazindua visa vingine, na hakuna atakayejua. Hilo lilikuwa juu yake. Jina ni lake kabla ya kuwa langu.

Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. "Kiache," alisema. "N'takisema mie."

Nikaichana ile kadi. Nikaenda kumwomba radhi mwalimu wa jiografia, naye akanijibu kwamba alikuwa akinisubiri nimalize hasira zangu ili tucheze. Tukakipanga kisa upya: Idi pili, alasiri, maji juu, rubani anaongoza, merikebu inaingia bila ya kikwazo. Nilitegemea Wareno washinde kwa mbio. Lakini ngazi ya maji inashuka kila zamu. Waliingia kwa bamvua, na bamvua ikitoka hori inabaki tope. Merikebu ikalala ndani, mashua zake zikanasa, na hakuna anayetoka mpaka maji ya alfajiri. Wapemba wangu nyumba niliziacha ziungue, watu nikawapitisha kwenye mikoko kwa miguu, kwenye njia ambazo Mreno hazijui. Nilishinda kwa zamu moja. Tukabadilishana pande, akashinda yeye. Tukacheza wiki nzima, mizani ikakaa sawa kuliko ilivyokaa kwa kadi. Niliandika ripoti ya pili na kumwambia rafiki yangu kwamba ile ya kwanza aitupe, ilikuwa mbovu, na kosa lilikuwa langu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja walimu na wazee wetu, na safu ya nyuma nzima walikaa watu wa ng'ambo, wamekuja, bila ya shaka, kumwuliza rubani hali. Baba akasimama na kanzu yake mpya.

Hakuzunguka. Alisema sisi tumehadithia mwamba kwa miaka mingi, na kila aliyemo humu anajua maji ya Idi pili. Maji yalikuwa yamejaa. Mtu wetu aliwaingiza, na nyumba zilizochomwa zilichomwa kwa sababu yake. Wanawe walikuwemo ndani ya merikebu.

Kule nyuma akasimama mzee mmoja wa ng'ambo, muuza samaki, mtu ninayemjua kwa matani yake tangu utotoni. Nikajiandaa kumjibu mwenyewe, na majibu makali nilikuwa nayo.

"Watoto walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Wawili," baba akasema.

"Walirudi?"

"Mmoja. Sie sote tumetokana na huyo."

Yule mzee akatoka kwenye safu yake, akaja mbele polepole akipita katikati ya viti. Alimpa baba mkono na hakuuachia haraka. Kisha akavuta kiti, akakaa mezani upande wa Wapemba, akamwambia baba akae upande wa pili, ashike merikebu.

"Waingize," alisema. "Mie n'tawatoa watu."