Mkia Uliotiwa Wanga

Tulikuwa wanne barazani kwetu Jang'ombe asubuhi ile ya Ijumaa: mimi, mdogo wangu Rukia, Ami Salum ndugu wa marehemu baba, na Bi Mgeni jirani yetu, aliyekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka. Harufu ya gundi ilishinda hata ya mandazi ya nyumba ya pili. Juu ya mkeka ililala ndege ya rimoti iliyonizidi kimo, nyeupe, tayari yote isipokuwa mkia. Ami Salum, fundi redio, aliijenga na Rukia kwa mwaka mzima. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Maskati kufanya kazi, na hapakuwa na mwingine wa kuirusha. Isiporuka siku ile, ingepandishwa darini, na Rukia, mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye tangu wazee wetu wafariki hakufurahia kitu kingine, angebaki kuitazama tu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Skuli nilishaacha ili nimlee Rukia, nikawa nashona kofia za mkono. Ndiyo sababu niliitwa. Bawaba za plastiki zilizoshika kibawa cha mkia zilikatika, na madukani hazikuwepo. "Mwanangu, nishonee hapa," Ami akaniambia. "Kibawa hiki lazima kicheze juu na chini, ndicho kinachoinua pua ya ndege." Uzi imara niliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, wa hariri, niliouweka kumalizia kofia yake ya safari. Nikamwonesha. "Utumie huo huo," akasema. "Kofia nitakudai."

Nikashona. Uzi ulipanda juu ya ubao wa mkia, ukapita katikati, ukashuka chini ya kibawa, ukarudi, mshono baada ya mshono, na Rukia akipumulia shingoni mwangu kwa hamu. Ami alipokwenda msikitini niliutazama mshono wangu, ukanipendeza, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya kila kofia inapokwisha: nikaupaka wanga, nikauanika juani.

Aliporudi, Rukia akabonyeza rimoti. Mota ndogo ya mkia ikalia kama nzi chupani. Kibawa hakikutikisika. Ami akaugusa mshono, ulikuwa mgumu kama ubao wenyewe.

"Umeutia wanga!" Bi Mgeni akapiga makofi. "Na pasi utaupiga saa ngapi, bibi harusi?"

"Dada, umeniulia ndege yangu," Rukia akasema.

Nje gari la kutupeleka Makunduchi, kwenye kiwanja cha mpira kilicho mbali na ndege za kweli, lilishaanza kupiga honi. Nilifumua mshono wote, nikaupangusa ubao, nikashona upya kwa uzi uliobaki, mpaka nikafunga fundo la mwisho kwa kipande kisichofika urefu wa kucha. Rukia akabonyeza. Kibawa kikainama, kikainuka. Tulipiga kelele hata mpishi wa mandazi akatoka nje.

Makunduchi ndege ilikimbia juu ya majani makavu, ikainua pua, ikaondoka. Ilipokuwa juu ya minazi Ami akamkabidhi Rukia rimoti. "Weye ndo rubani, nnakutazama tu." Nilimwona mdogo wangu akicheka kwa sauti niliyokuwa nimeisahau.

Leo Rukia anarusha droni kwenye harusi, kidude kinachoingia mkobani na kusimama hewani chenyewe. Nakipenda, lakini hakijawahi kuniweka roho juu. Kofia za mashine zimejaa madukani, na macho yangu yanataka miwani. Ami Salum amesharudi, anaishi Chukwani. Nikimwamkia shikamoo, huitika marahaba, kisha hujipapasa kichwa kitupu na kunitazama. Kila mwaka kofia za kuuza zilitangulia, maana zilitulisha. Yake imo kabatini, imebakiza duara moja la vitobwe, vile vitundu vya pambo, na sindano nimeiacha imechomekwa pale pale uzi ulipokwisha.