Tulivyomfundisha Kusalimia

Ndugu yangu anayenifuata ana miaka arobaini na sita na hajawahi kufunga kifungo cha shati lake. Naanza hapo kwa sababu nimechoka na watu wanaoanza na tabasamu lake. Ana tabasamu zuri, kweli, na kanisani watu huniambia kwamba yeye ni baraka. Baraka hiyo mimi ndiye ninayeiogesha, kuinyoa, kuifuta na kuibadilishia shuka kila asubuhi kabla sijaenda sokoni Kariokor kushona viatu vya ngozi. Sijamwona hata mmoja wa hao wasemaji akija kunishikia ndoo.

Mimi nina miaka hamsini na miwili, sina mume wala mtoto, na mgongo wangu umeharibika kwa kumwinua. Kwa hivyo swali langu ni moja, na nimelibeba ofisi baada ya ofisi: mimi nikifa, huyu atalala wapi?

Tulizaliwa mtaa wa Ziwani, katika nyumba ya chumba kimoja na jiko ambayo baba alipangishwa na jiji alipokuwa dereva. Wazazi wetu walitoka Murang'a. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu wa upande wa mama, na kwa kuwa wa kwanza alifariki angali mchanga, huyu ndiye mwana pekee aliyebaki, akiwa na jina hilo zito. Mama hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita "baba". Watu wa kwingine wanaweza kudhani ni mapenzi tu ya mama kwa mtoto, lakini kwetu si mchezo. Mtu akishakuwa baba yako, huwezi kumwacha aonekane na wageni akiwa amejikojolea.

Alisoma kidogo katika shule ya watoto wa aina yake, kama kukata karatasi na kuimba ni kusoma. Alipofikisha miaka kumi na minane walimrudisha nyumbani na barua ya kutushukuru. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ana darasa. Akiota ndevu, serikali haimjui tena, utadhani ndevu ni dawa. Mama aliacha kazi yake ya kufagia shule ya chekechea akakaa naye.

Hapo ndipo alipoanza kumfundisha kusalimia. Mlango ukibishwa, ndugu yangu alitakiwa asimame, anyooshe mkono wa kulia na kusema, "Karibu. Karibu keti. Watu wa nyumbani ni wazima?" Alingoja jibu, kisha akasema, "Tunashukuru Mungu," na kwenda nyuma ya pazia la jikoni, ambako alipewa kipande cha mkate. Ilimchukua mama karibu miaka miwili. Mimi nilikuwa mgeni wa mazoezi. Nilitoka nje, nikabisha, nikaingia, nikasalimiwa, nikatoka tena, mpaka majirani wakaona tumepagawa.

Lakini alishika. Tena alisema kwa sauti nzito, ya taratibu, ambayo mama aliapa ni ya babu. Akina mama wa kanisa walikuja, wakasalimiwa, wakanywa chai saa nzima, wakaenda zao wakidhani ni mwanamume mkimya asiyependa umbea. Mama aling'aa kila mara. Hata mimi nilijivuna, sitadanganya.

Miaka ilikwenda hivyo. Baba akafa, sisi tukazeeka. Kisha mama aliteleza kwenye mfereji wa uani, akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Sasa nilikuwa na wawili. Nilipokwenda sokoni nilifunga kufuli kwa nje. Nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na jirani. Siku niliyoacha bila kufuli, nilimpata ndugu yangu jioni huko machinjioni Kiamaiko, amekaa katikati ya mbuzi wa kuchinjwa, miguu mitupu, amefurahi, na magari yote ya barabara ile alikuwa ameyapita peke yake.

Nilianza kuomba nafasi katika makao ya serikali, yale machache yanayochukua watu wazima. Chifu akaandika barua. Hospitali ikaandika barua. Ofisi ya ustawi wa jamii ikasema barua ya hospitali imeandikwa kwenye fomu ya zamani, nikaanza upya. Niliruhusiwa kwenda kuyaona hayo makao. Yako nje ya jiji. Niliona vitanda vilivyosongamana mpaka huwezi kupita katikati bila kwenda kiubavu, na wanaume waliokaa kwenye benchi wakitazama ukuta ambao haukuwa na kitu. Palinuka mkojo na dawa ya sakafu. Mlezi alikuwa mmoja kwa chumba kizima, mwanamke aliyechoka, lakini alimjua kila mtu kwa jina lake na aliwafuta midomo bila kuwavuta. Niliporudi nililia njia nzima, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba, pamoja na yote hayo, panatosha kumwacha.

Mwishowe tukaambiwa afisa atakuja nyumbani Alhamisi kumpima, aone kiwango cha uhitaji wake. Mama aliposikia neno afisa, alifufuka kitandani. Suti ya marehemu baba itolewe. Ipigwe pasi. Ndugu yangu akatwe nywele. Viatu nivishone mimi mwenyewe, vipya, nisimwaibishe. Na mazoezi yarudi, maana siku hizi alikuwa akisahau pale pa watu wa nyumbani.

Mimi, mtu mzima ninayegombana na wauza ngozi kila wiki na kushinda, nilifanya yote hayo. Nilishona viatu vyeusi vya kamba, ngozi laini, kisigino kizuri. Kwa wiki nzima nilibisha mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba tunakosea. Mgeni anakuja, mtu anavalishwa. Sikujua namna nyingine ya kumpokea mtu.

Afisa alikuwa msichana mpole mwenye fomu kwenye ubao. Aliingia, na ndugu yangu akasimama ndani ya suti, akanyoosha mkono.

"Karibu. Karibu keti. Watu wa nyumbani ni wazima?"

"Wazima kabisa," msichana akasema, macho yamemtoka.

"Tunashukuru Mungu." Na akaenda zake nyuma ya pazia.

"Eh, huyu ako sawa," msichana akaniambia, akaandika kitu.

Kisha alianza kuuliza, na mama akajibu kutoka kitandani, maana mwenye nyumba ni yeye. Anakula mwenyewe? Anakula, na hilo lilikuwa kweli. Anavaa mwenyewe?

"Si umemwona amevaa?" mama akasema.

"Na mambo ya choo, cucu?" aliuliza, akimwita bibi kwa Kikuyu.

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa juu ya choo cha baba yake mzazi, na kwake ndivyo ilivyokuwa. "Huyo ni mtu mkubwa," alisema. "Kunywa chai, mami, inapoa."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Shuka za asubuhi ile zilikuwa uani, bado zinadondosha maji. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini kwetu humkanushi mzazi mbele ya mgeni, na mambo ya aibu hayawekwi mezani penye vikombe. Nilimimina chai. Ukweli mbaya zaidi ni kwamba nilikuwa na furaha. Alikuwa hajasahau hata neno moja.

Barua ilikuja baada ya miezi kadhaa. Ilisema mwombaji ana uwezo mzuri wa kuwasiliana na kujitunza, na inapendekezwa aendelee kutunzwa na familia. Nilimsomea mama. Akaniambia nisome tena pale pa uwezo mzuri. Nikasoma. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akaikunja barua ile na kuiweka ndani ya Biblia yake ya Kikuyu.

"Umeona, baba?" alimwambia. "Serikali imekuona."

Sikumweleza maana yake. Alikufa kabla ya Krismasi akiamini kwamba tulishinda.

Nilikwenda ofisini kueleza. "Madam, sisi huandika kile tumeona," niliambiwa, na haikuwa uongo. Nilipewa fomu ya kupimwa tena na nikawekwa mwisho wa foleni. Sokoni, jirani yangu wa kibanda, Mkamba mmoja anayechonga vinyago na kuvipaka rangi ya viatu ili vionekane vya kale, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua.

"Sasa wewe, wazee wa serikali wanakuja kuona shida na unawaonyesha harusi?" alisema. "Waonyeshe vile mko, mathe. Ama ungojee tu hivyo."

Nilimtukana. Halafu nilikaa siku nyingi nikifikiri, na nikaona kwamba anasema kweli, na kwamba kilichotuangusha ni kile kimoja tu ambacho ndugu yangu anakijua duniani.

Ilipita zaidi ya mwaka. Walipotuma ujumbe kwamba afisa mwingine anakuja, nilikuwa na siku tatu. Sikumnyoa. Suti ilibaki sandukuni. Na nilianza mazoezi. Nilitoka nje, nikabisha, nikaingia, na aliposimama nilimsukuma mabega akae. Nikatoka, nikabisha. Alisimama, nikamkalisha. Aliponyoosha mkono niliupiga. Alipokaa kimya nilimpa mkate. Siku ya kwanza alicheka, akidhani nimesahau jinsi mchezo unavyochezwa, akawa ananionyesha: "Karibu, karibu keti." Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu nilibisha, nikaingia, naye akakaa tu akinitazama. Kazi ya mama ya karibu miaka miwili niliifuta kwa nusu mkate na siku tatu.

Asubuhi ya kupimwa sikumbadilisha. Nilimwacha na suruali aliyolalia, kwenye kiti, dirisha limefungwa.

Afisa huyu alikuwa mwanamume. Alisimama mlangoni, akageuza uso kidogo, kisha akaingia. Ndugu yangu alianza kuinuka. Akanitazama. Akakaa, akauficha mkono wa kulia chini ya paja. Nilijibu maswali yote mimi. Hawezi. Hajui. Hapana, haendi choo mwenyewe. Hapana, hata hilo. Nilisema kila kitu ambacho mama alikifunika maisha yake yote, mbele ya ndugu yangu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Sijui anaelewa kiasi gani. Nilikuwa naamini haoni aibu ya mkojo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Lakini afisa alipoinama kuandika, niliona mkono mwingine wa ndugu yangu ukisogea polepole kufunika ile sehemu iliyolowa.

Niliona, na nikaendelea kujibu.

Safari hii barua haikuchelewa. Uhitaji mkubwa. Amekubaliwa, na amewekwa kwenye orodha ya wanaosubiri kitanda. Nilipiga simu kuuliza ni lini, nikaunganishwa na yule mlezi, nikamjua kwa sauti yake ya uchovu. Alinieleza kwa upole, kama mtu aliyeshawaeleza wengi.

"Kule kwetu hakuna mtu hutoka akaenda nyumbani, dadangu. Kitanda hupatikana mtu akituacha."

"Na wako wagonjwa?"

"Kuna mmoja hapa karibu na dirisha hajakula vizuri wiki hii," alisema. "Tunamwangalia tu."

Tangu siku ile ya kupimwa ndugu yangu hajamsalimia mtu. Mlango ukibishwa anaingia nyuma ya pazia kabla mgeni hajafika, na mkate hautaki. Nimejaribu kumrudishia. Nimetoka nje ya nyumba hii nikabisha mpaka vidole vikaniuma, nikaingia nikisema, "Nisalimie basi, nisalimie," na yeye ananitazama kwa woga, akingoja kujua safari hii nataka nini. Nachukia kila karatasi ya ofisi ile, lakini mkono uliompiga ni wangu.

Kinachobaki ni sala. Kila asubuhi nikishamvalisha tunasimama kando ya kitanda cha mama, namshika mkono, naomba. Nasema, Bwana, utufungulie nafasi. Maneno ni safi, ningeweza kuyasema kanisani na yasishtue mtu. Lakini mimi na Mungu tunajua nafasi kule hufunguka vipi. Kuna mwanamume amelala karibu na dirisha, ana jina lake, labda ana dada yake mahali, na mimi namwombea afe. Ndugu yangu huinamisha kichwa pamoja nami, na nikimaliza husema "Amina", kwa sauti kubwa.