Igogwe Kwenda na Kurudi, na Mzani Niliokataliwa

"Ugonile, Shomari," bibi mmoja alinisalimu mbele ya mzani, nami nikabaki mdomo wazi. Salamu ya Kinyakyusa ambayo kila mtoto wa Tukuyu anaijibu bila kufikiri, ilinikwama. Wakulima na vikapu vyao vya chai wananitazama. Msimamizi Anyosisye akacheka. "Mmeona wenyewe? Lugha hana, atawapimiaje? Mtu wa pwani huyu, akatafute kazi kwao."

Kwetu wapi? Ngoja nianze mwanzo.

Nimezaliwa mtaa wa Bagamoyo, huu wetu wa Tukuyu mjini, si ule mji wa pwani. Aliyetoka pwani ni babu, na cherehani yake. Shule niliishia darasa la nne, nikapakia majani ya chai mpaka mvi zikaanza, na Kinyakyusa nilikisema hadi kina mama wakanitania kwamba niliibwa kwao utotoni. Kisha tela la trekta likapinduka mteremkoni. Tulioumia kichwa tulikuwa wawili, mimi na Asajile, tukalazwa wodi moja. Mimi lugha zote zilinipotea, kisha Kiswahili cha mama yangu kilirudi. Kinyakyusa bado. Asajile yeye zilimpotea namba, hata jina la mkewe. Akapewa kazi nyepesi ya mzani. Mimi nikaambiwa nikapumzike. Niliposikia kituo cha kununulia chai kinatafuta mpimaji wa pili, nikasema safari hii napitia kwa daktari kwanza, wasinisingizie ugonjwa.

Asubuhi, Tukuyu. Ukungu na manyunyu. Mke wangu Mwanaidi akanivalisha koti.

"Usiende kugombana."

"Nani kasema nagombana?"

"Uso wako."

Kiwira. Nilishuka kubadili usafiri. Honi na spika za maduka zikanipasua kichwa, nikachuchumaa nimeziba masikio. Mama muuza ndizi akaniuliza, "Baba, umelewa mapema yote hii?" Nikamjibu laiti ingekuwa pombe, ingeisha. Akanisogezea kiti chake, nikakaa hadi kizunguzungu kilipopungua, ndipo nikapanda bodaboda.

Igogwe. Migomba kila upande mpaka hospitali. Daktari kijana alinihesabisha, akanisomesha namba, akanitembeza.

"Kupima majani unaweza, mzee. Ubongo ukiumia, lugha moja inaweza kujificha na nyingine ikabaki. Ukikaa na wanaoisema, huenda ikarudi."

"Kwa hiyo dawa yangu ni Wanyakyusa?"

"Hiyo haina foleni," akasema, tukacheka. Kisha akampigia simu Anyosisye mbele yangu, akamweleza yote hayo.

Mchana, kituoni, njia ya kurudi Tukuyu. Nilimkuta Asajile mzanini, namba imemkwama, foleni imesimama. Anyosisye akamshika bega. "Taratibu, kaka. Ni ile ajali, itakuja tu." Watu wakasubiri mpaka ikaja. Nikajiambia hapa pana huruma, nimefika. Ndipo bibi akanisalimu, na kilichotokea nimeshakisema.

Nikamwambia Anyosisye, "Daktari si amekupigia?"

"Daktari hanunui chai."

"Na Asajile?"

"Asajile mtoto wa hapa."

Yule bibi akasema, "Huyu naye wa hapa, ni mjukuu wa fundi cherehani." Anyosisye akajifanya hasikii. Nikamtazama Asajile, mtu niliyemlisha uji wodini kwa kijiko. Akainamia mzani, nao ulikuwa mtupu.

Jioni nilitembea na mvua yangu hadi nyumbani. Mwanaidi alinivua lile koti, akalitundika likauke. Nilichojifunza ni kwamba tela moja linaweza kuwapasua watu wawili vichwa, halafu babu zao ndio wanaoulizwa nani anafaa kazi.

Sasa Anyosisye anijibu, pale pale kituoni, mbele ya wakulima. Ulimi wa Asajile ulipokwama ulisema ni ajali. Wangu ulipokwama ukasema ni kabila. Kwa nini? Na Asajile asimame pembeni yake, awaambie watu nani alikuwa naye ndani ya lile tela.