Mgeni Aliyelipa Ziwa Mgongo

Kutoka maegesho ya magari hadi ziwani ni mwendo wa nusu saa, njia tambarare chini ya miti. Hata bibi mwenye mkongojo hufika hajatoka jasho. Vijumba sita vya kukodi vimejipanga ukingoni mwa maji. Kwa miaka kumi na tisa aliyevifagia, akatandika vitanda na kuvifunga alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Funguo, kwa kile kishada cha funguo kilicholia kiunoni mwake kabla mwenyewe hajaonekana.

Wageni aliwazoea, ila huyu wa kijumba namba nne alimtia shaka tangu siku ya kwanza. Alikuja peke yake, na viatu vya ofisini, hana ndoano wala kamera. Alitoa kiti barazani, akakigeuza, akaketi akiitazama stoo ya mashuka.

"Wifi, umemwona yule?" Mama Funguo alimnong'oneza mke wa kaka yake, aliyekuwa akifua naye. "Mtu alipie ziwa, halafu alipe mgongo!"

"Labda maji yanamtisha."

"Maji yanamtisha, stoo inamfurahisha?"

Siku ya pili mgeni akamuuliza, "Mama, ukienda nyumbani unapita njia gani?"

"Hiyo hiyo uliyojia, baba. Hakuna nyingine."

Huyu ni mwizi, akajisemea, anasoma ramani ya nyumba.

Siku ya tatu, mgeni alipokwenda kuzunguka ziwa, Mama Funguo aliingia kubadilisha taulo. Hakuwahi kupekua vitu vya mgeni. Siku hiyo mkono ulitangulia, aibu ikafuata. Mezani palikuwa na daftari: "Saa moja na dakika kumi, amefungua stoo. Saa tatu, ametoka na furushi. Halikurudi."

Kumbe mwizi anayewindwa ni yeye!

Mgeni aliporudi alimkuta ameketi kitandani, daftari mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Bosi. Anasema mablanketi yanapotea."

"Yanapotea? Nifuate."

Akampeleka kijumba namba moja, akaegemeza ngazi ukutani na kumwamuru apande. Mle darini mablanketi yalikuwa yameshindiliwa chini ya tundu la bati, yamelowa chepechepe.

"Nimempigia simu mara tatu kwamba paa linavuja. Akaniambia nitumie akili. Basi akili yenyewe ndiyo hiyo. Andika, na saa uandike!"

Mgeni aliondoka siku ile ile. Wiki haikuisha, mafundi wakaja kwa njia ya msituni, mabati mabegani. Bosi naye akapiga simu, sauti kama asali.

"Kasemaje?" wifi aliuliza.

"Ati ananiamini."

"Si vizuri hivyo?"

Mama Funguo alikuwa akikitazama kijumba namba mbili, alikofikia mama mmoja mnene mwenye darubini shingoni.

"Na huyu," alisema, "ni ndege gani anaowatafuta kwenye kamba yetu ya nguo?"