Gari Lisilo na Pistoni

Elieza Mlowe alipoambiwa kwamba binti yake Peace amepata mchumba, Timoth wa Makambako, alisema, "Sawa." Wazee wanne wenye makoti mazito walipomletea barua ya posa nyumbani kwake Njombe, aliisoma mpaka mwisho, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akasema, "Sawa." Mzee mmoja alimwinamia mwenzake akamuuliza kwa kunong'ona kama hiyo sawa ni ya kukubali au ya kusikia tu. Mwenzake hakujua. Walirudi kwao Makambako hawajajua, harusi ikakaribia hawajajua, na hilo ndilo lililowatia watu kiwewe siku yenyewe.

Tusimlaumu sana. Mtu huyu amekaa masijala za serikali miaka ishirini na sita, ya mwisho hii pale Igwachanya. Kazi yake ni kupokea barua za watu wanaolia kwa maandishi: shamba limeporwa, mume hajulikani alipo, mwalimu hajapanda daraja tangu meno yake yalipokuwa yote. Elieza anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, anaandika namba ya jalada, basi. Ukifanya hivyo muda mrefu, unaanza kupokea na mambo yako mwenyewe kwa mtindo huohuo. Mama yake alipofariki, alisimama kaburini akiwa kavu kama karatasi, mpaka shangazi mmoja akashauri aletewe kitunguu.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapita masijala. Gari.

Lilikuwa Mazda RX-7 ya mwaka 1986, jekundu, fupi, la viti viwili, lenye taa zinazolala ndani ya boneti na kufumbuka ukibonyeza swichi. Alilikuta Makambako limefunikwa turubai nyuma ya gereji. Msanii mmoja wa Dar es Salaam alikuwa akilipeleka Zambia, sababu anazijua yeye, likamharibikia pale na yeye akaendelea na basi. Wakati huo Elieza alikuwa na kiwanja Lyamkena, hapohapo Makambako, kilichopimwa, chenye hati. Akabadilishana na mwenye gereji. Leo kiwanja kile kina gesti ya ghorofa tatu, na kila wakipita, mkewe Oktavia huzihesabu kwa kidole kupitia dirishani: "Moja. Mbili. Tatu. Na sisi tuna viti viwili."

Fundi wa kwanza kulifungua, Denis wa Njombe, alichungulia chini ya boneti, akazunguka, akachungulia tena.

"Mzee Mlowe, nikuambie kwa upole au kwa haraka?"

"Vyovyote."

"Umeibiwa. Pistoni zote hazipo. Sijui wamezitoaje bila kukata injini, ila hazipo."

Elieza akamweleza kwamba injini ile haina pistoni tangu ilipozaliwa. Ndani kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka kwenye chumba chenye umbo la kibuyu, havipandi wala havishuki. Denis alifikiri kidogo.

"Yaani sambusa."

"Sambusa mbili."

"Zinazunguka."

"Ndiyo."

"Mimi hilo gari siligusi," alisema Denis, na hakuligusa, ingawa aliwaleta mafundi wenzake watatu kuja kuliona.

Basi Elieza akajifundisha mwenyewe. Alichokipenda ni kwamba halitetemeki. Magari mengine yanakohoa, yanatikisika, yanakujulisha kwamba yanakufanyia kazi na wewe ni mtu mbaya. Hili lilikuwa likivuma tu. Kila Jumapili alfajiri, ukungu bado umelala kwenye mabonde, alilitoa mpaka barabara ya Makambako akalikanyaga. Mshale ukifika mzunguko wa elfu saba, kikengele kidogo kililia ndani ya dashibodi kumwambia abadilishe gia, kwa sababu injini yenyewe haitasema kitu. Ingepanda hivyohivyo kimya mpaka ijiue. Kikengele kile kikilia, Elieza alihisi kitu, sentimita mbili hivi chini ya mbavu. Hakuwa na jina lake. Akarudi, akalifuta matope, akaenda kanisani kupokea mahubiri.

Adui wa injini ile ni joto. Katikati ya vipande vyake kuna raba nyembamba zinazotenganisha maji na moto; maji yakichemka, raba zinaiva, na hapo hakuna cha fundi wala maombi. Raba hizo hazipatikani Njombe, hazipatikani Mbeya, na feni ya gari, kwa miaka yake karibu arobaini, ilikuwa imechoka kiasi cha kuzunguka kwa heshima tu. Likikimbia, upepo unapoza rejeta, hakuna neno. Likitambaa, linaanza kufa. Kwa hiyo Elieza hakutambaa kamwe. Siku za gulio, barabara zikijaa watu, alilifungia ndani.

Sasa, hakuna kitu duniani kinachotambaa kama msafara wa harusi Makambako.

Kamati ya harusi ilikuwa chini ya Laurenti, kaka yake Oktavia, mtu aliyewahi kuongoza kamati kumi na moja na ndoa mbili. Alishapanga magari yote kwenye kundi la simu: pikapu ya matarumbeta mbele, gari la maharusi, Noah za wazee, Fuso la kwaya. Peace akaandika chini yake mstari mmoja: nataka gari la baba. Kundi zima likanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jioni hiyo Elieza alimkuta bintiye jikoni.

"Lina viti viwili," alisema.

"Mimi na wewe ni wawili, baba. Timoth atakuja na Noah ya nyuma, nimeshamwambia."

"Msafara unakwenda polepole."

"Ni harusi, baba, si ambulensi."

Akamweleza habari za maji, raba na feni, kwa utaratibu, kama anavyowaeleza watu wanaofuatilia majalada. Peace alimsikiliza huku akimenya viazi. Alipomaliza, binti akasema bila kuinua macho, "Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nakusikia kitandani ukiondoka. Nilikuwa nafuata ule mlio mpaka unapotea. Hukuwahi kunichukua."

Elieza aliiangalia sufuria ya viazi.

"Sawa," akasema.

Mjomba Laurenti hakupenda. Bwana harusi kupanda gari la nyuma kama mzigo wa ziada, alisema, hajapata kuliona. Ila bibi harusi ameshasema, na suti za kamati zilikuwa zimeshashonwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa saba mchana, Makambako, jua limekaa juu ya mji kama mkopeshaji. Ibada ikaisha. Peace akaingia kwenye gari jekundu na shela lake lote, ikabidi wasimamizi watatu wamsukumie mikunjo ndani kama wanaofunga gunia la lumbesa. Pikapu ikatangulia, vijana wa matarumbeta wamesimama nyuma yake na mpiga video kaning'inia kwa mkono mmoja. Mpango ulikuwa kuzunguka mji mara tatu, kutoka kanisani mpaka njia panda na kurudi, halafu ukumbini.

Mzunguko wa kwanza haujafika nusu, mshale wa joto ukaanza kupanda.

Elieza akafungua vioo. Mshale ukapanda. Akafanya jambo analolijua kila mwenye gari lenye shida hiyo: akawasha hita ya ndani mpaka mwisho, ili joto la injini litoke kwa njia ya abiria. Upepo wa moto ukampiga Peace usoni.

"Baba, ni nini hiki?"

"Hita."

"Najua ni hita. Kwa nini?"

"Inasaidia maji."

"Na mimi nani ananisaidia?"

Aliyempamba Peace alikuwa ametoka Iringa kwa kazi hiyo tu, na alikuwa amempaka tabaka ambazo mwashi angezipima kwa timazi. Tabaka la juu likaanza kuteremka. Mjane mmoja kando ya barabara alimwona bibi harusi mashavu yanatiririka wanja, akamwambia jirani yake kwa masikitiko kwamba mtoto wa watu analazimishwa.

Mshale ukagusa mstari mwekundu. Mbele, pikapu ilikuwa imesimama kabisa ili mpiga matarumbeta mmoja apige magoti na kuonyesha ufundi wake. Elieza akaangalia kulia. Akaingiza gia ya kwanza, akaipita pikapu, akaipita na bajaji iliyokuwa mbele yake, akashika barabara kuu ya kwenda Iringa, na gari likapotea.

Msafara ulibaki njia panda ukipigia matarumbeta hewa.

"Kamtorosha," alisema mmoja wa wale wazee wa makoti. "Niliwaambia ile sawa haikuwa sawa."

"Labda kasahau kitu," alisema Timoth, bwana harusi, kijana mpole anayeuza pembejeo.

"Kasahau kukataa siku ya posa. Ndiyo kakumbuka sasa."

Simu ya Elieza ikaita. Peace akaipokea, akaiweka sauti ya nje.

"Shemeji," alisema Laurenti, kwa utulivu wa mtu aliyezungukwa na ukoo mwingine, "uko wapi na bibi harusi?"

"Napoza maji."

"Maji gani, shemeji?"

"Ya gari."

Wakasikia Laurenti akiwaambia watu, "Anasema anapoza maji," na sauti ya mzee ikimjibu kwamba huko kwao Njombe ni baridi, maji yamepoa tangu uumbaji.

Peace akakata simu. Gari lilikuwa gia ya tatu, mashamba ya mahindi yanarudi nyuma pande zote, shela limejaa upepo mpaka darini. Mshale wa joto ulikuwa unashuka. Ule mwingine ulikuwa unapanda, na ulipofika elfu saba kikengele kikalia.

"Hicho ni nini?"

"Kinasema imefika mwisho."

"Mbona haitetemeki?"

"Haitetemeki."

Akabadilisha gia, kikalia tena. Peace alikuwa ameegemea nyuma, mdomo wazi kidogo, michirizi ya wanja mashavuni, anasikiliza. Elieza alipomtupia jicho aliona kwamba anasikiliza kweli, kama yeye. Akachunguza chini ya mbavu. Palikuwa na kitu, au palikuwa na mkanda wa kiti.

Alisimama kwenye uwazi wa kupakilia mbao. Mshale ulikuwa umerudi mahali pake. Upepo unapita kwenye miti ya misindano.

"Kuna njia ya nyuma," alisema Peace. "Tunaweza kwenda ukumbini moja kwa moja, hatuingii mjini. Nitawaambia nilijisikia vibaya. Na uso huu wataamini."

Elieza akautazama ule mshale. Njia hiyo aliijua. Dakika kumi na tano, upepo tupu, gari lingefika likivuma, na Jumapili ijayo angelitoa alfajiri kama kawaida.

"Imebaki mizunguko mingapi?"

"Baba, si lazima."

"Mingapi?"

"Miwili na nusu."

Elieza akageuza gari.

Walipotokea njia panda, wazee wa makoti walipiga makofi mawili matatu ya kutokuamini, na Timoth alishuka kwenye Noah akaja kuchungulia dirishani kuhakikisha mke wake yumo. Pikapu ikaondoka, mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Elieza akazima hita.

"Iwashe," alisema Peace.

"Utaharibika uso."

"Umeshaharibika. Iwashe."

"Haitasaidia tena," alisema, lakini akaiwasha.

Mzunguko wa pili Peace alimwomba afumbue taa. Akabonyeza swichi, macho mawili ya gari yakainuka mchana kweupe, na barabara nzima ikapiga kelele. Wauza viazi waliacha madebe yao. Akazifumba, akazifumbua. Mshale ulifika mwekundu mbele ya stendi, na safari hii Elieza hakuangalia kulia. Alikaa nyuma ya pikapu, umbali wa hatua nne, mikono miwili kwenye usukani. Peace alikuwa akipunga mkono. Mzunguko wa tatu ikaja harufu tamu, kama sukari iliyoungua, kisha moshi mweupe mwembamba pembeni mwa boneti. Mpiga video aliupenda sana, akasogea karibu.

Hita ikaanza kutoa upepo wa baridi. Elieza alijua maana yake. Rejeta haina kitu. Alikuwa na nafasi ya kuzima hapo na labda kuokoa nusu ya raba. Pikapu ilisimama, tarumbeta likapiga magoti. Akangoja liinuke.

Injini ilikufa mita arobaini kabla ya lango la ukumbi, bila kishindo, bila mtetemo. Ilikuwa inavuma, ikawa haivumi. Timoth na wasimamizi wakavua makoti, wakalisukuma gari mpaka mlangoni, bibi harusi ndani na baba yake akikata kona.

"Bovu lote hilo," alisema mzee wa makoti, sasa akiwa na amani kabisa, "na sisi tulidhani ana hila."

Ukumbini mshereheshaji, kijana mwenye koti linalong'aa kama karatasi ya peremende, alimpa Elieza kipaza sauti ili amwage machozi ya baba. Elieza alisimama akawaeleza wageni mia tatu kwamba katikati ya vipande vya injini kuna raba, upana wake kama tambi, na kwamba zikiiva maji huingia kwenye moto, na haziwezi kurudi. Akaeleza namna zinavyopangwa. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Walisema hawakujua Mlowe ana utani. Meza ya mbele, Peace alikuwa ameacha kucheka mapema kuliko wengine, na Timoth alikuwa akimuuliza kuna nini.

Elieza akarudisha kipaza sauti, akaketi. Oktavia alikuwa anakula.

"Ndiyo basi?" alimuuliza, sauti ya chini.

"Ndiyo basi."

Oktavia alitafuna kidogo. Kisha akachukua paja la kuku kutoka sahani yake, akaliweka kwenye sahani ya mumewe, akaendelea na wali. Elieza alilila. Lilikuwa limepoa. Nje, mtu alikuwa amewapanga watoto mbele ya gari jekundu anawapiga picha, na mmoja alikuwa anauliza macho yake yako wapi.